Refa wa dharura naomba msaada: hatua za traveli (kutembea na mpira mkononi) zinaanza kuhesabiwa wapi?

maalim_wa_wete
Assalam aleikum jamani, nna suali na naomba msinicheke. Mie nasomesha skuli moja huku Wete, somo langu jografia, lakini kwa vile ujanani nilicheza basketi kidogo wakanambia maalim wewe ndo kocha wa wasichana, nikasema haya. Sasa wiki ilopita kulikuwa na mechi ya skuli mbili nyengine, refa alotakiwa achezeshe hakutokea, nasikia boti ilimwacha, nikapewa filimbi mie, peke yangu, hakuna mwenzangu. Tumekwenda vizuri tu mpaka robo ya mwisho, zimebaki kama dakika moja na nusu, tafauti pointi moja, kuna binti mdogo mdogo namba 7 akaja kwa kasi upande wa kulia, akaudunda mara ya mwisho, akaukamata, akajifanya anakwenda kulia halafu akarudi kushoto, mlinzi kabaki anakodoa macho, akautia. Mie nikapiga filimbi nikazungusha ngumi, traveli, kikapu hakihesabiwi. Nilihesabu miguu mitatu wallahi, tap tap tap.

Jamani makelele! Mama mmoja kavua kandambili anainyanyua juu kama kadi nyekundu. Kocha wao, kijana tu, akanijia kwa adabu akanambia "maalim, ile ya mwanzo sifuri". Nikamwambia sifuri gani, mie nimesomeshwa mbili, ya tatu filimbi, kakae. Wakafungwa kwa pointi moja ile ile. Binti mwenyewe hakusema kitu, alinitazama tu akenda zake kukaa, na hilo ndo linaloniuma mpaka leo, bora angetukana.

Sasa hiyo sifuri ni kitu gani, ipo kwenye sheria kweli au ni maneno ya vijana wa YouTube? Na la pili, nimepewa wanafunzi wanane niwafundishe urefa ili tusipate tena fedheha kama ile, hii traveli nawasomesheje wakati mie mwenyewe ndo hivyo?

paka_wa_darajani
Maalim wa jografia kashindwa kujua mtu katoka wapi kenda wapi 😂😂 samahani maalim, ntakaa kimya nisome

filimbi_ya_zamani
Wa aleikum salaam maalim. Usijilaumu sana, kosa hilo mie nimelifanya miaka na miaka, na wenzangu tulosomeshwa zamani wengine bado wanalo kwa sababu kidole na mdomo vishazoea. Sifuri ipo. Neno lenyewe huenda usilikute hivyo kitabuni lakini maana yake imo, FIBA, shirikisho la basketi la dunia, waliandika upya kifungu cha 25 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017. Nakwambia kwa maneno yangu: mchezaji anayeupata mpira huku yuko mwendoni, au anayemaliza kudunda huku yuko mwendoni, anaruhusiwa hatua mbili za kusimama au kutoa pasi au kupiga. Na hatua ya kwanza ni pale mguu unapogusa chini BAADA ya yeye kuumiliki mpira. Baada. Mguu uliokuwa tayari uko chini wakati mpira unakamatwa hauna namba, huo ndo vijana wanauita sifuri.

Sasa mchukue binti wako namba 7. Ikiwa aliukamata mpira mguu wa kushoto uko chini, basi kushoto sifuri, kulia moja, kushoto mbili, kapiga, halali kama maji ya kisima. Lakini ikiwa aliukamata yuko hewani, ndo kushoto kukashuka, basi kushoto moja, kulia mbili, kushoto tena tatu, na filimbi yako ilikuwa sawa na mama wa kandambili avae kandambili yake. Unaona? Miguu ni ile ile mitatu, tap tap tap yako ile ile, kilichotafautisha ni mkono. Kwa hiyo ukiniuliza mie nahesabu vipi ntakwambia sihesabu, nikianza kuhesabu nshapotea. Natazama mpira unatulia lini mkononi, halafu jicho linashuka chini mara moja, mguu gani upo sakafuni? Nikishaujua huo, yanayofuata yanajihesabu yenyewe.

Na kukamata nako kuna mwanzo wake, kudunda kunakwisha pale mikono yote miwili inapougusa mpira kwa pamoja, au mpira unapotulia kwenye mkono hata kama ni mmoja. Wasichana wadogo wengi wanakamata kwa mikono miwili kwa hiyo wewe una bahati, unaona waziwazi. Kazi ni kwa wavulana wenye viganja kama sinia, anauzoa kwa mkono mmoja huku anakwenda hujui kashika au bado anadunda.

Nikuulize, ulisimama wapi? Nahisi ulikuwa karibu mno. Mtu akichezesha peke yake anaona akimfuata mchezaji pua kwa pua ndo atakuwa na uhakika, kumbe ukiwa karibu hivyo unaona tumbo na mpira, miguu huioni, unaisikia. Na wewe mwenyewe umesema tap tap tap, hiyo umesikia kwa sikio maalim, hukuona. Rudi nyuma hatua tatu nne, mtazame kuanzia mkono mpaka kiatu kwa mara moja. Na kama mwanzo wa mwendo hukuuona, labda kuna mtu kakukinga, basi usipige, acha ipite hata uwanja mzima ukikupigia kelele "hatuaaa".

jay_michenzani
mzee mie siamini hizo hesabu, NBA, ligi ile ya Marekani, jamaa wanatembea hatua nne tano mpaka wanaomba maji njiani na hakuna refa anayepiga, huku kwetu ukisogeza kidole tu unaitiwa traveli. Tuamue moja, kama tunafata NBA tufate

filimbi_ya_zamani
Jay mwanangu sisi hatufati NBA, mashindano yetu yanakwenda na kitabu cha FIBA. Na hata NBA wenyewe hawajaandika nne, tangu 2009 kitabu chao kinasema mbili. Hizo nne unazoziona wewe nyingi ni kwamba unaanza kuhesabu mpira bado haujatulia mkononi, jamaa anaubeba kwenye mwendo wake taratibu, anakuwa kama kashika kumbe bado. Na nyengine ni marefa kukosea, nao binadamu.

Ukitaka kucheka zaidi, maalim James Naismith alipoubuni mchezo huu kule Springfield, Marekani, Disemba 1891, sheria zake zilikuwa 13, na ya tatu inakataza mchezaji kukimbia na mpira, autupe kutoka pale pale alipoukamatia. Kudunda hata hakujafikiriwa. Lakini sheria hiyo hiyo ikatoa ruhusa kwa mtu aloukamata huku anakuja kwa kasi, kwa sababu binadamu si gari ya breki mpya, hawezi kuganda. Basi huo mwanya ndo tunaobishania mpaka leo Wete.

chakechake_point
Nichangie kidogo. Mie nilicheza sana pale Chake, na traveli nyingi ninazoziona si za leyapu (ile ya kukimbilia kikapu ukautia kwa karibu), ni za kuanza. Mtu kasimama zake, kapewa pasi, miguu yote miwili chini, anatisha kulia anaondoka kushoto, na ule mguu wake wa pivoti, unaotakiwa ubaki chini huku mwengine unazunguka, ushanyanyuka wakati mpira bado umo mkononi, NDO anaudunda. Hiyo ni traveli mchana kweupe na hakuna anayepiga kelele maana haionekani kama katembea. Ila refa akipita hapo anakuja kupiga ile halali ya mwishoni kwa sababu ndo inayofurahisha watu

Alafu nna suali na mie. Mtu akianguka na mpira je? Sisi kuna siku kijana aliuparamia mpira akateleza nao kwenye saruji kama mita moja na nusu, magoti yote damu, refa kampigia traveli. Mie nliona ni uonevu

filimbi_ya_zamani
Chake umenena, ya kuanza ndo nyingi. Ila uwatafautishe wawili, alosimama na alo mwendoni. Alosimama akitaka kudunda, mpira utoke mkononi kabla mguu wa pivoti haujanyanyuka. Aloukamata huku anakwenda yeye anatakiwa autoe mpira kabla ya hatua yake ya pili. Marefa wengi wanamhukumu wa pili kwa sheria ya wa kwanza, kijana kapokea pasi yuko mbioni mguu chini, kapiga hatua moja akaudunda, wanampigia. Hana kosa.

Wa magoti alionewa. Kuanguka na mpira na kuteleza nao si kosa, hata kuukamata ukiwa umelala au umekaa chini si kosa. Kosa ni akibiringika nao baada ya hapo au akijaribu kusimama bado kaushika. Atoe pasi akiwa chini pale pale au audunde halafu ndo asimame.

Na nyengine inayoonea watu, mtu kasimama na pivoti yake ya kushoto, kamzunguka mlinzi kwa mguu wa kulia, kisha kushoto kukanyanyuka na akapiga kabla ya kushoto hakujarudi chini. Watu wote "hatuaaa". Si hatua. Ukitaka kupiga au kutoa pasi, mguu wa pivoti unaweza kunyanyuka, sharti mpira uwe ushaondoka kabla ya mguu kutua tena.

ummu_salha_kikwajuni
Maalim mie ntakujibu la pili, la kusomesha, maana hawa wanaume washaanza kusomeana kitabu. Nilicheza ujanani, sasa nawafundisha mabinti hapa mjini, jioni baada ya laasiri.

Chukua ndoo ya maji. Wavue viatu. Kiwanja chenu nafikiri ni cha saruji kama chetu, kizuri, hicho ndo ubao wako wa kuandikia. Mtoto atie miguu ndani ya ndoo, atoke akimbie, wewe umrushie mpira, aukamate asimame. Nyayo zinabaki chini. Halafu wote waje watazame, hapa alikamatia, huu wa kwanza, huu wa pili, huyu mwenzenu kanata wapi. Ukimwambia azunguke kwenye pivoti unaona duara dogo la majimaji chini ya kidole gumba, na akiuburuza mguu unaona mchirizi, hapo humuelezi kitu, anajiona mwenyewe anacheka. Fanya asubuhi au jioni, saa sita mchana jua letu linakausha kabla hujasema bismillahi. Na viatu vikae mbali na ndoo, mie mmoja aliniletea mama yake kwa kiatu kilichorowa.

Sisi hatusemi pivoti, tunasema nanga. Mtoto wa pwani ukimwambia tia nanga hakuulizi suali la pili, chombo kinazunguka kwenye nanga lakini hakiondoki. Tena ukimwambia ukishang'oa nanga shehena iwe ishashuka, keshaelewa ile habari ya kupiga kabla mguu haujarudi, ile ilomchukua filimbi_ya_zamani mistari mitano.

Hao wanane marefa, siku tatu za mwanzo USIWAPE filimbi. Wapange pembeni, mchezaji anakuja anapokea pasi, kazi yao ni kupiga kelele neno moja tu wakati mpira unatua mkononi: "kushoto!" "kulia!" au "hewani!" Basi. Wasiseme traveli wala si traveli. Siku ya kwanza watatoa majibu matatu tafauti kwa mtoto mmoja, utataka kulia. Siku ya tatu wanaanza kusema pamoja. Hapo ndo unaongeza hatua, na filimbi ya mwisho kabisa, kwa sababu mtoto ukimpa filimbi mapema anaipiga, ndo kazi ya filimbi machoni kwake, ataitafutia kosa.

Na wafundishe mambo ya mikono sawasawa, filimbi moja kali, mkono juu kiganja wazi kusimamisha saa, kisha ngumi mbili zizungushwe kifuani, kisha aoneshe mpira unakwenda upande gani. Wengi wanainua ngumi, ngumi ni ya faulo, mwenye saa anachanganyikiwa. Mpira unarushwa kutoka nje karibu na pale kosa lilipotokea, isipokuwa nyuma ya ubao wa kikapu pale katikati, hapo unasogezwa pembeni.

Halafu nikupe moja ya kuwasimulia mabinti. Tarehe hiyo hiyo, 1 Oktoba 2017, ndo FIBA walianza kuruhusu mchezaji kuvaa hijabu kwenye mashindano yao. Kabla ya hapo kulikuwa na marufuku ya vitu vya kichwani, na kuna timu za wanawake za nchi nyengine zilikwama kwa ajili hiyo. Wangu nikiwasomesha hatua sifuri nawaambia ilikuja boti moja na hijabu yenu, hawasahau tarehe tena.

jay_michenzani
bi ummu hiyo ya ndoo nimeipenda, ila sisi wakubwa ukituvua viatu uwanja mzima utahama 😂 suali la kweli sasa, mie napenda kukamata, naruka kwa mguu mmoja natua na miwili pamoja, halafu najizungusha napiga. Kila refa ananipigia. Halali au si halali?

filimbi_ya_zamani
Inategemea umetokea wapi. Kama uliukamata hewani, ukatua mguu mmoja hiyo ndo hatua ya kwanza, ukarukia huo ukatua na miwili kwa pamoja hiyo ya pili. Ruhusa. Lakini ukishatua hivyo huna pivoti tena, nanga huna kama anavyosema bi Ummu, unaweza kuruka upige au utoe pasi tu. Ukizungusha mguu ukautua, traveli. Nahisi hapo ndo wanapokukamata, na wako sawa.

Ukiukamata hewani ukatua moja kwa moja na miguu miwili kwa pamoja hapo una uhuru, chagua mguu wowote uwe pivoti. Jizoeze hiyo uache kugombana na marefa.

jay_michenzani
kumbe miaka yote hiyo mie ndo mwenye makosa. haya

maalim_wa_wete
Jamani nimerudi, kwanza nakushukuruni wote. Niwape habari.

Kuna kijana alirikodi mechi ile kwa simu, nikamuomba video, nimeitazama usiku kuamkia juzi taratibu kabisa, kipande kwa kipande. Mikono miwili ya binti inaushika mpira, mguu wa kushoto uko chini, si kidole, unyayo mzima. Kulia. Kushoto. Kapiga. Yaani hata kubishana hakuna, nimemdhulumu. Na filimbi_ya_zamani ulosema ni kweli, mie mwenyewe naonekana kwenye video, niko kama hatua mbili nyuma yake nimeinamisha kichwa namtazama mgongo, sina hata jicho la kuuona mpira.

Jana nikachukua vespa nikenda mpaka skuli yao. Nikamuomba kocha wake aniitie, nikamwambia mwanangu ile ilikuwa halali, mie nilikosea. Akanitazama vile vile alivonitazama siku ile, kisha akasema "nilijua maalim. Lakini mie nilikosa fri-throu (mitupo ya bure) mbili, hizo hukunikosesha wewe". Akaomba ruhusa akarudi darasani. Nikabaki na kocha wake tunatazamana.

Ndoo nimeifanya leo asubuhi. Bi Ummu Mungu akuweke, walipenda mpaka wa darasa jengine wakatoka nje, mwalimu mkuu akaja kuuliza kwa nini uwanja umerowa. Nyayo zimeonekana vizuri ila saruji yetu ina nyufa maji yanajikusanya, nimehamia upande wa kivulini. Kelele za "kushoto kulia hewani" ndo kama ulivosema, mtoto mmoja kakimbia, majibu manne, sijui la nne lilitoka wapi. Kuna mvulana mmoja mkimya wa darasa la nane hakukosea hata mara moja, nikamuuliza unaonaje, akanambia "mie sitazami mtu, natazama mpira unapoacha kuruka".

Tatizo nililobaki nalo, wawili kati ya wanane hawajui kulia na kushoto. Wakati wa kutulia wanajua, mpira ukija mbio wanachanganya. Hilo nalifanyaje?

ummu_salha_kikwajuni
Wafungie wachezaji uzi mwekundu kiguu cha kushoto. Hao wawili waseme "uzi" au "hapana uzi". Mie nilifungwa hivyo hivyo na mwalimu wangu, nilikuwa na miaka kumi na nne.

paka_wa_darajani
maalim namba 7 yule anacheza tena lini, naja na boti